Mbona wingu linaelekea Dodoma? Maski za nyota na nebula hatua kwa hatua

Leo naomba tuachane kidogo na siasa na mambo ya Simba na Yanga. Kuna watu wameniuliza sana kuhusu ile picha ya anga niliyopiga hapa Bahi: niliisafisha vipi, nilitumia programu gani, na kwa nini baadaye niliiondoa. Nitajibu yote, ila nitaanza na aibu yangu, maana bila hiyo aibu makala hii isingekuwepo.

Ilikuwa katikati ya Mei, mvua zimeisha, anga safi. Nikatoka nje ya mji kidogo, pembeni ya majaruba ya mpunga, nikasimamisha kamera kwenye stendi yake ya miguu mitatu. Kamera yenyewe si yangu, ni ya jamaa yangu anayepiga picha za harusi, na sharti lake lilikuwa irudi kabla ya Jumamosi. Nikaielekeza kusini, kwenye nebula ya Carina. Nilipomaliza kuitengeneza picha kwenye kompyuta nikajiona fundi. Wingu jekundu upande wa kulia, na mkono mrefu wa moshi unaotoka pale kwenda kushoto chini. Nikaitupia mtandaoni, sifa zikamiminika. Mwalimu mmoja wa sayansi akaniambia, "Mdogo wangu, nichapishie moja nibandike darasani." Nikachapisha kubwa, saizi ya A3, nikaipeleka mwenyewe.

Wanafunzi wakaizunguka. Maswali yakawa yale yale: ni mbali kiasi gani, kuna watu huko? Halafu binti mmoja wa kidato cha pili akauliza, "Kaka, hapa ulikuwa umeangalia wapi?" Nikamwambia kusini. Akaweka kidole upande wa kushoto wa picha. "Sasa huku si ndiko Dodoma? Mbona wingu linaelekea Dodoma?"

Darasa zima likacheka. Na mimi nikacheka, nikajibu kitu cha kubabaisha. Lakini njiani kurudi sikuwa nacheka tena. Ukisimama Bahi ukaangalia kusini, mashariki iko mkono wako wa kushoto, na mashariki ndiko lilipo jiji la Dodoma. Yule binti kila usiku anauona mwanga wa jiji upande ule, kama sisi wote tunavyouona. Nilichobandika ukutani kama gesi ya angani kilikuwa taa za barabarani.

Kosa halikuwa la kamera. Lilikuwa la maski. Kwa hiyo leo tusome maski.

MASKI NI KITU GANI?

Tangu ugonjwa wa Korona tumezoea neno barakoa. Kwenye picha mimi nitasema maski, ili tusichanganye mambo.

Kama umewahi kuona watu wakitengeneza batiki, basi maski unaijua tayari. Fundi anachukua kitambaa cheupe, anapaka nta iliyoyeyushwa sehemu asizotaka zishike rangi, kisha anatumbukiza kitambaa chote ndani ya rangi. Penye nta rangi haiingii. Pasipo na nta inaingia. Akimaliza anaitoa nta kwa maji ya moto, na hakuna anayeiona tena. Kinachoonekana ni kazi yake.

Maski ya kompyuta ni nta hiyo hiyo. Ni picha ya pili, nyeusi na nyeupe, yenye ukubwa sawasawa na picha yako, unayoilaza juu yake. Penye nyeupe, mabadiliko yako yanapita. Penye nyeusi, yanazuiwa. Penye kijivu yanapita nusu nusu, kulingana na ukali wa hicho kijivu. Ukishaelewa sentensi hizo tatu, yaliyobaki ni mazoezi tu.

KWA NINI TUNAIHITAJI?

Kwa sababu nyota na nebula wanagombana. Nebula ni wingu kubwa la gesi na vumbi, na mwanga wake ni hafifu mno. Nyota ni kinukta kidogo chenye mwanga mkali. Picha ghafi ya kamera nyingi za kisasa ina ngazi 16,384 za mwanga (biti 14). Nyota kubwa inafika ngazi ya juu kabisa ndani ya sekunde chache. Nebula inakuwa ngazi chache tu juu ya anga tupu. Ukifungua picha hiyo unaona weusi na vinukta, basi.

Ili nebula ionekane unalazimika kuuvuta mwanga wa chini uje juu. Ukiivuta picha nzima kwa pamoja, nyota zinavimba kama maandazi, zinapoteza rangi zote na kuwa mabaka meupe. Ukizionea huruma nyota, nebula inabaki gizani. Ndipo maski inapokuja: unamwambia kompyuta, hapa fanya, pale usiguse.

Jambo hili halikuanza na kompyuta. Miaka ya 1970 huko Australia kulikuwa na mtaalamu wa picha anaitwa David Malin, akifanya kazi kwenye kituo cha darubini ya Anglo-Australian. Picha za anga wakati huo zilipigwa kwenye vioo vyenye dawa. Malin alikuwa anachukua kioo cha asili, anatengeneza nakala yake yenye ukungu kwa makusudi, kisha anavibana viwili hivyo pamoja na kuchapisha. Ile nakala yenye ukungu ilipunguza nguvu ya sehemu zenye mwanga mwingi, na vitu vidogo vilivyokuwa vimefichwa ndani yake vikajitokeza. Alifanya kwa mikono, kwenye chumba cha giza, kazi ambayo leo wewe unaifanya kwa kubofya.

Jambo moja tu naomba ulikumbuke, tutalirudia: maski ya Malin ilitoka kwenye kioo chenyewe. Hakuichora.

VITU UNAVYOHITAJI

Kompyuta ya kawaida na programu za bure. Mimi natumia Siril kwa kurundika picha na kusafisha anga, na GIMP kwa maski. Hakikisha GIMP yako ni toleo la 2.10 (la mwaka 2018) au jipya zaidi, kwa sababu matoleo ya zamani yalikuwa yanafanya kazi kwa biti 8 tu, yaani ngazi 256, na ngazi 256 hazitoshi kabisa. Ukivuta sana, anga inakatika katika ngazi ngazi.

Kwa wenzangu wa intaneti kafe: programu zipakue kwenye flashi, lakini kazi yenyewe ifanyie kwenye kompyuta ya nyumbani au ya rafiki. Picha zangu ghafi zilikuwa 225, zaidi ya GB 5. Kuzirundika kulichukua usiku mzima kwenye kompyuta ya zamani. Ukifanya hivyo kwa kulipia kila saa utauza simu.

Namba zangu ni hizi, kwa wanaotaka kujaribu: lenzi ya milimita 50, ISO 1600, sekunde 8 kila picha. Mara 225 ni sekunde 1,800, sawa na nusu saa ya mwanga. Sekunde 8 zinawezekana kwa sababu Carina iko mbali kusini, karibu zaidi na ncha ya anga, kwa hiyo nyota zake zinatembea taratibu. Ukienda kwenye Orion, iliyo katikati ya anga, punguza iwe sekunde 4, la sivyo nyota zinavutika kama mchele. Kurundika picha 225 kunapunguza chengachenga mara 15, maana kipeuo cha pili cha 225 ni 15. Hesabu za shule zina kazi, jamani.

HATUA YA KWANZA: SAFISHA ANGA KABLA YA KITU KINGINE CHOCHOTE

Hapa ndipo nilipoanguka mimi, kwa hiyo nisomeni vizuri.

Anga ya Bahi ni giza, lakini haiko sawa kila upande. Kusini ni mbugani, giza totoro. Mashariki kuna Dodoma. Tangu serikali ilipoanza kuhamia kule kwa nguvu mwaka 2016, taa zinaongezeka na mwanga wake unapanda juu. Kwa macho unaona wekundu mwembamba tu upeoni. Kwenye picha iliyovutwa, upande mmoja wote unakuwa na mwanga kuliko mwingine. Ni mteremko: unaanza kwa nguvu kushoto chini, unapungua kidogo kidogo kuelekea kulia juu.

Mteremko huo lazima uondolewe kabla hujatengeneza maski. Siril ina amri ya kazi hiyo. Unaweka alama kwenye sehemu za anga tupu, programu inapima mwanga kila alama, inakisia umbo la mteremko, inautoa. Angalizo: usiweke alama juu ya nebula wala juu ya ule mkanda wa Njia ya Maziwa, maana utaifuta gesi ya kweli ukidhani ni taa. Weka chache, kama 20 au 30, mahali ambapo una uhakika pana giza.

Sababu ya kufanya hivi mwanzoni ni rahisi. Maski inazaliwa na picha. Picha ikiwa na uongo, maski inaurithi, halafu wewe unaukuza mara kumi.

HATUA YA PILI: MASKI YA NYOTA

Nyota ina sifa moja inayoitofautisha na nebula: ni ndogo. Kwenye picha yangu nyota ya kawaida ilikuwa na upana wa pikseli 4 au 5. Nebula ya Carina ilikuwa kama pikseli 400. Tunaitumia tofauti hiyo.

1. Tengeneza nakala ya picha, igeuze iwe nyeusi na nyeupe.

2. Nakili tena hiyo nakala, iweke kwenye leya ya juu, kisha itie ukungu wa pikseli kama 15. Nyota zote zitapotea ndani ya ukungu. Nebula itabaki, kwa sababu ni kubwa.

3. Ibadilishe hali ya leya ya juu iwe ya kutoa, kama hesabu ya kutoa. Sasa kompyuta inachukua picha kali na kutoa picha yenye ukungu. Vikubwa vinatoana vinaisha. Vidogo vinabaki. Na vidogo ndiyo nyota.

4. Unganisha leya hizo mbili, kisha weka kizingiti. Juu ya kiwango fulani iwe nyeupe, chini yake iwe nyeusi. Ukiweka kizingiti chini mno, chengachenga nazo zitageuka nyota. Ukiweka juu mno, nyota ndogo zote zitakosa ulinzi. Sogeza taratibu huku umeikuza picha asilimia 200.

5. Tanua kila nukta nyeupe kwa pikseli 2 hivi, kwa sababu nyota ina mwanga unaozunguka pembeni yake. Kisha tia ukungu kidogo, pikseli 2 au 3, ili kingo ziwe laini.

Hatua ya 5 wengi wanairuka, halafu wanalalamika. Kwenye picha yangu ya kwanza kila nyota ilikuwa na pete nyeusi kama jicho la bundi. Sababu ni hii: maski ilikuwa nyembamba kuliko nyota yenyewe na kingo zake kali, kwa hiyo nilipovuta nebula, mwanga ukapanda hadi ukingoni mwa nyota ukakatika ghafla. Fundi wa batiki analijua hilo. Nta ikipakwa vibaya rangi inapenya pembeni.

Kagua pia katikati ya nebula. Pale Carina kuna sehemu zenye mwanga mkali, ikiwemo nyota maarufu ya Eta Carinae, ile iliyolipuka kwa mng'ao mkubwa miaka ya 1840 ikawa miongoni mwa nyota zinazong'aa kuliko zote angani. Wakati mwingine kizingiti kinachukua kipande cha gesi kinakifanya nyota. Hapo unaruhusiwa kutumia brashi nyeusi kukiondoa kwenye maski. Kuondoa, sio kuongeza.

HATUA YA TATU: MASKI YA NEBULA

Hii ni rahisi kuitengeneza na rahisi kuikosea.

1. Chukua tena nakala nyeusi na nyeupe ya picha. Kwa nebula nyekundu ni bora uchukue chaneli ya rangi nyekundu peke yake. Gesi ya haidrojeni inatoa mwanga mwekundu wa nanomita 656, kwa hiyo kwenye chaneli hiyo ndiko iliko na nguvu. (Kamera za kawaida zina kichujio kinachozuia sehemu kubwa ya wekundu huo. Ndiyo maana nebula zetu zinatoka za pinki iliyopauka na sio nyekundu ya kwenye magazeti. Usilazimishe.)

2. Toa maski ya nyota kutoka kwenye nakala hiyo. Penye nyota patakuwa na matundu meusi. Hivyo ndivyo tunavyotaka.

3. Fungua grafu ya mwanga. Utaona mlima mmoja mkubwa upande wa kushoto: hiyo ni anga tupu. Sogeza kiwango cha weusi hadi kipite kilele cha mlima huo na kushuka upande wake wa pili. Sasa anga tupu ni nyeusi, na kinachobaki kijivu na cheupe ni kile kinachozidi anga.

4. Tia ukungu mwingi kidogo, pikseli 10 hadi 20. Nebula haina kingo za kisu, maski yake nayo isiwe nazo.

Mimi nilifanya nini badala yake? Nilishika brashi kubwa nyeupe nikachora. Nikajiambia, nebula iko hapa, na naona kama kuna moshi unaelekea pale, ngoja niupitishie brashi nao. Ule "moshi" ulikuwa mteremko wa taa za Dodoma, ambao sikuwa nimeuondoa. Brashi yangu ikaupa umbo. Kevu ikaupa mwanga. Mimi nikaupa jina.

HATUA YA NNE: KUZITUMIA

Ukiwa na maski mbili, kazi inakwenda hivi.

Weka maski ya nebula, vuta kevu kidogo juu. Rudia mara tatu au nne kwa hatua ndogo ndogo, usivute mara moja kama unavuta punda. Ongeza rangi kidogo.

Geuza maski hiyo, nyeupe iwe nyeusi na nyeusi iwe nyeupe. Sasa umebaki na anga tupu. Hapo punguza chengachenga, bila kulainisha nebula hadi ikawa uji.

Weka maski ya nyota. Ongeza rangi, nyota zina rangi: za bluu ni za joto kali, za rangi ya chungwa ni za joto la chini zaidi. Ukipenda zipunguze ukubwa kidogo. Kidogo, tafadhali. Kusini ya Carina kuna kundi la nyota ambalo Wazungu wanaliita kwa jina lenye maana ya Kilimia cha Kusini, kwa kuwa linafanana na Kilimia chetu kile wanachokijua wakulima. Ukizidisha kupunguza nyota, kundi zima linapotea.

NA PROGRAMU ZINAZOFUTA NYOTA ZENYEWE?

Nitaulizwa tu, kwa hiyo najibu mapema. Zipo. StarNet ilitoka mwaka 2018, ya bure, na baadaye StarXTerminator, ya kulipia. Zimefundishwa kwa picha nyingi kutambua nyota na kuziondoa, zikakuachia nebula peke yake. Zinaokoa muda sana, nami nazitumia. Lakini elewa zinachofanya: ile sehemu iliyokuwa chini ya nyota, kamera haikuiona. Programu inakisia. Mara nyingi inakisia vizuri. Siku nyingine inakuachia vijitundu na michirizi isiyokuwepo. Ndiyo maana nimeanza na njia ya mkono, ili ujue kukagua kazi ya mashine.

JINSI YA KUJIKAMATA MWENYEWE

Baada ya lile swali la darasani nilikaa siku mbili nikitafuta namna ya kuthibitisha kwamba binti yule amekosea. Nikapata namna tatu. Zote tatu zikanithibitishia kwamba amepatia.

Ya kwanza, gawa picha zako mafungu mawili. Mimi 112 huku, 113 kule. Rundika kila fungu peke yake, tengeneza kila moja kwa njia ile ile. Kilichopo kwenye fungu moja tu ni chengacheka au bahati. Mkono wangu wa moshi ulionekana kwenye mafungu yote mawili, nikafurahi. Nilifurahi mapema. Taa za Dodoma nazo ziliwaka muda wote.

Ya pili, angalia penye giza. Kushoto ya Carina, karibu na Msalaba wa Kusini, kuna doa jeusi ambalo wanajimu wanaliita Gunia la Makaa. Ni wingu la vumbi linaloziba nyota za nyuma yake. Kwenye picha yangu doa hilo lilikuwa halionekani sawasawa, limefunikwa na ule ukungu. Gesi iliyo mbali kule Carina haiwezi kupita mbele ya vumbi lililo karibu nasi zaidi. Kinachoweza kupita mbele ya kila kitu ni mwanga ulio ndani ya hewa yetu sisi wenyewe.

Ya tatu ndiyo iliyonimaliza. Kitu cha angani kinatembea pamoja na nyota. Kitu cha duniani kinakaa na ardhi. Nikachukua picha za mwanzo wa usiku na za mwisho, nikazilinganisha. Nyota zilikuwa zimezunguka, nebula imezunguka nazo. Ule mkono haukuzunguka. Ulibaki pale pale, kushoto chini, umening'inia juu ya upeo wa Dodoma.

Kipimo hiki hakihitaji programu yoyote. Picha mbili na saa moja katikati yake zinatosha.

NILIVYOMALIZA

Nikaanza upya. Nikasafisha mteremko kwanza, nikatengeneza maski kutoka kwenye picha yenyewe kama nilivyoeleza, nikaweka brashi pembeni. Picha iliyotoka ni ndogo kwa mbwembwe. Nebula ni ya pinki, haina mkono. Lakini Gunia la Makaa limerudi, jeusi kabisa, na rangi za nyota zinaonekana.

Nilirudi shuleni nikaibandua ya kwanza mbele ya darasa lile lile nikaeleza kosa. Sitadanganya, ilikuwa ngumu. Mwalimu alinishangaa kidogo, akasema ningeweza kuibadilisha kimya kimya tu. Ningeweza, kweli. Lakini wale watoto walikuwa wameshaambiwa kwamba angani kuna kitu ambacho hakipo, na aliyewaambia ni mimi. Nebula hii aliiandika kwa mara ya kwanza Mfaransa Nicolas-Louis de Lacaille mwaka 1752, akiwa hapa hapa Afrika, Rasi ya Tumaini Jema, kwa kidarubini kidogo. Mwanga wake umesafiri zaidi ya miaka 7,000 kuja kuanguka kwenye majaruba ya Bahi. Sio haki mimi kuuongezea taa za barabarani.

Binti yule aliiangalia picha mpya muda mrefu. Akauliza, "Sasa kaka, ile ya zamani unaitupa?" Nikamwambia ndiyo. Akasema nisiitupe, nimpe yeye, anataka kuonyesha mwanga wa Dodoma umefika wapi. Nikampa. Ameiandika tarehe nyuma, anasema mwakani nipige tena alinganishe.

Basi wadau, kazi kwenu. Tuko latitudo ya 6 kusini, tunaona Orion juu ya vichwa vyetu na Carina kusini, wenzetu wa Ulaya wanapanda ndege kuja kuitafuta anga hii. Kama huna kamera, tafuta mpiga picha wa harusi, siku za katikati ya wiki mara nyingi hana kazi. Ukikwama kwenye kizingiti au ukipata zile pete za bundi, uliza hapo chini kwenye maoni. Nitajibu nikipata umeme na bando. Na ukiona kosa kwenye maelezo yangu, sema bila kuogopa. Nimeshazoea.

Nawasilisha.